Sakafu za Misikiti na Njia za Kuzisafisha, Tangu Changarawe za Madina Hata Vigae vya Leo

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Bwana Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Sakafu ya nyumba ni mahali pa kukanyaga. Sakafu ya msikiti ni mahali pa kuweka paji la uso. Tajiri na maskini, mzee na kijana, wote hukutana hapo chini, na pua zao hugusa mahali pamoja. Kwa sababu hiyo, tangu mwanzo wa dini hii, kusafisha sakafu ya msikiti hakukuhesabiwa kuwa ni kazi duni ya kuachiwa yeyote aifanye apendavyo, bali kulikuwa ni sehemu ya ibada na mlango mmoja katika elimu ya tohara.

Hapo zamani, katika nchi za bara zinazoyazunguka Maziwa Makuu, jambo hili halikuwa na mashaka makubwa, kwani misikiti ilikuwa midogo na sakafu zake zilikuwa za udongo. Leo jamaa za Waislamu zimejenga misikiti mikubwa, na vigae vimetandazwa toka ukuta hata ukuta. Fedha za vigae hivyo ni sadaka za wachuuzi wa sokoni, za wajane, na za vijana walio ng'ambo wakitafuta riziki. Lakini baada ya miaka michache vigae vingi hufifia, maungio yake huwa meusi, wazee huteleza na kuvunjika, na wadhamini hukaa wakiulizana ni ipi njia iliyo bora ya kusafisha mahali palipo pakubwa namna ile. Mmoja husema maji yamwagwe kwa mpira. Wa pili husema itumike tindikali. Wa tatu husema inunuliwe mashine. Na wa nne husema mambo yaachwe yalivyo. Historia ya misikiti ina maneno ya kuwaambia wote wanne.

CHANGARAWE ZA MADINA

Msikiti wa Bwana Mtume (S.A.W.) huko Madina, uliojengwa katika mwaka wa kwanza wa Hijra, yaani mwaka 622, ulikuwa na kuta za matofali mabichi ya udongo, nguzo za magogo ya mitende, na paa la makuti ya mitende hiyo. Sakafu yake ilikuwa ni ardhi yenyewe. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba usiku mmoja wa Ramadhani mvua ilinyesha, paa likavuja, na Bwana Mtume (S.A.W.) akasujudu katika maji na tope, hata alama ya tope ikaonekana katika paji lake tukufu. Na katika mkusanyo wa Abu Dawud imepokewa kwamba usiku mwingine, ardhi ilipokuwa imelowa, mtu mmoja alichukua changarawe katika nguo yake akazitandaza mahali pake pa kusalia, na Bwana Mtume (S.A.W.) alipomaliza Sala akalisifu jambo lile. Baadaye Sayyidna Umar (R.A.), katika ukhalifa wake, aliamuru msikiti utandazwe changarawe kutoka bonde la al-Aqiq.

Changarawe zile zilikuwa ni ufundi mkubwa kwa wakati wake. Zilizuia tope, zilituliza vumbi, na maji yaliyomwagwa juu yake yalipita yakaenda chini, yasisimame. Al-Baladhuri, mwanahistoria wa karne ya tatu ya Hijra, anasimulia kwamba huko Iraki watu walipoinuka kutoka katika sijida walikuwa wakipiga viganja ili kukung'uta vumbi. Gavana Ziyad akachelea kwamba siku zikipita, watoto waliozaliwa katika hali ile wangedhani kupiga viganja ni Sunna ya Sala. Basi akaamuru changarawe zitandazwe msikitini. Kisa hiki ni kifupi, lakini kina mazingatio: sakafu isiyotunzwa yaweza hata kugeuza sura ya ibada.

Katika zama zile za Madina yako mambo mawili ambayo kila mwenye kuangalia msikiti yampasa ayajue.

La kwanza ni kisa cha bedui aliyeingia msikitini akakojoa mahali pamoja. Watu waliinuka kwa ghadhabu wamzuie, lakini Bwana Mtume (S.A.W.) akawaamuru wamwache amalize, kisha akaamuru iletwe ndoo ya maji, imwagwe mahali pale. Yule bedui hakutukanwa wala hakupigwa; alifundishwa kwa upole heshima ya msikiti. Wanazuoni wametoa katika kisa hiki hukumu nyingi, na mojawapo ndiyo nguzo ya maneno yatakayokuja mbele: maji safi yaliletwa juu ya uchafu; haukuchukuliwa uchafu ukatiwa katika maji.

La pili ni kisa cha mwanamke mweusi aliyekuwa akiufagia msikiti, na katika baadhi ya mapokezi ametajwa kuwa ni Ummu Mihjan. Alifariki usiku, watu wakamzika bila ya kumwarifu Bwana Mtume (S.A.W.), kana kwamba jambo lake lilikuwa dogo. Bwana Mtume (S.A.W.) alipomkosa aliuliza habari zake, akasikitika kwamba hakuarifiwa, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamsalia hapo. Hakuna katika tarehe ya Uislamu heshima iliyo kubwa kuliko hii aliyopewa mtu wa fagio.

MARUMARU ZA WAFALME

Dola ilipopanuka, changarawe ziliondoka. Khalifa al-Walid, wa Bani Umayya, alipoamuru msikiti wa Madina ujengwe upya mwanzoni mwa karne ya nane, kazi aliyoisimamia Umar bin Abdul-Aziz, marumaru na nakshi za vijiwe vya rangi ziliingia. Na katika zama hizo hizo ulijengwa msikiti mkuu wa Damascus, ambao ni mashuhuri kwa marumaru zake. Tangu hapo sakafu ya msikiti ikawa ni kitu cha thamani, na kitu cha thamani huhitaji mlinzi anayejua.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Makka. Uwanja wa kutufia unaoizunguka Al-Kaaba umetandazwa marumaru nyeupe kutoka kisiwa cha Thassos, Ugiriki. Marumaru hiyo hurudisha mwanga wa jua, na kwa hiyo hubaki baridi chini ya nyayo hata katika joto la adhuhuri. Mahujaji wengi walidhani kwamba chini yake mmepitishwa mabomba ya maji baridi, na wasimamizi wa Haram wamelikanusha jambo hilo: ubaridi ni wa jiwe lenyewe. Msomaji aangalie basi: marumaru iliyofunikwa na utando wa uchafu haiwezi kurudisha mwanga kama iliyo safi. Usafi wa pale ni kinga ya nyayo za wageni wa Mwenyezi Mungu.

Nao uwanja ule haufungwi. Tawafu haisimami usiku wala mchana ila Sala ya jamaa inapokimiwa. Basi husafishwa vipi? Watumishi hushika kamba, wakatenga kipande kimoja cha uwanja. Wenye kutufu hupita kando. Kipande kile huoshwa, maji hukokotwa, sakafu hukaushwa. Kisha kamba husogezwa mbele. Mahali pakubwa hugawanywa pakawa padogo, na kila padogo hukamilishwa kabla ya kuhamia pengine. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya sakafu zote kubwa, iwapo kuna mashine kumi au kuna ndoo moja.

MWAMBAO NA KATA YA MLANGONI

Katika mwambao wa Afrika ya Mashariki Waislamu wana misikiti ya kale. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani mwaka 1107, na Msikiti Mkuu wa Kilwa ulipanuliwa katika karne ya kumi na nne ukawa na kuba nyingi za mawe ya matumbawe. Sakafu za misikiti hiyo zilikuwa za chokaa iliyochomwa kwa matumbawe, ikashindiliwa na kulainishwa. Hata neno lenyewe la sakafu asili yake ni Kiarabu, na maana yake huko ni dari au paa; kwani katika nyumba za mawe za mwambao paa la aliye chini lilikuwa ndiyo sakafu ya aliye ghorofani.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Moroko, alipokuwa akienda Kilwa alilala usiku mmoja Mombasa. Aliandika kwamba misikiti ya watu wa pale ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Kwamba mlangoni pa kila msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili. Kwamba maji yalitekwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba wa urefu wa dhiraa moja. Kwamba ardhi iliyozunguka kisima na msikiti ilikuwa imesawazishwa. Na kwamba kila aliyetaka kuingia aliosha miguu kwanza, kisha akaifuta katika kipande cha jamvi zito kilichowekwa mlangoni.

Msomaji wa Kiswahili atakitambua chombo kile: ni kata. Na ataitambua hekima ile: wazee wa mwambao hawakungoja uchafu uingie ndipo wautoe; waliuzuia mlangoni. Katika magofu ya Kilwa, mahali pa kutawadhia, yameonekana hata mawe yaliyowekwa kwa kusugulia nyayo. Kisima, kata, jiwe na jamvi, vitu vinne hivi vilikuwa ni ulinzi wa sakafu, navyo havikuwa na gharama kubwa.

Ukweli wa jambo hili unathibitishwa na elimu ya mawe. Mchanga wa kawaida una chembe ngumu kuliko marumaru, tena ngumu kuliko ule utando wa kioo unaofunika vigae vingi vya udongo. Kila chembe iliyoingia chini ya unyayo ni kama kisu kidogo kinachokwaruza. Kung'ara kwa vigae huondoka kwa mchanga kabla ya kuondoka kwa maji na sabuni. Basi jamvi zito mlangoni, refu la kutosha mtu apige hatua tatu au nne juu yake, hufanya kazi kubwa ambayo hakuna dawa ya dukani iwezayo kuifanya baadaye.

KUINGIA BARA

Katika karne ya kumi na tisa watu wa mwambao walipanda bara kwa misafara, na dini ikapanda pamoja nao. Mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim alifika katika ikulu ya Kabaka Suna wa Pili wa Buganda. Wengine walikaa Ujiji. Wengine walivuka hata Nyangwe na Kasongo katika Kongo. Baadaye ilisimama mitaa ya Waislamu wasemao Kiswahili katika miji mipya, kama vile Buyenzi huko Bujumbura na Biryogo huko Kigali. Huko bara matumbawe hayakuwapo. Sakafu zilikuwa za udongo ulioshindiliwa, na juu yake ilitandikwa mikeka. Kusafisha kulikuwa ni kutoa mikeka nje, kuipiga, kuianika juani, kunyunyiza maji kidogo juu ya udongo ili vumbi lilale, na kufagia.

Kisha ikaja saruji, na baada ya saruji vikaja vigae. Kwanza vilikuwa ni vigae vya saruji vyenye nakshi za rangi, ambavyo havikuchomwa motoni bali vilishindiliwa kwa mtambo. Kisha vigae vya udongo vilivyochomwa na kupakwa utando wa kioo. Na mwisho vigae vya kaure, vigumu na visivyonywa maji kwa urahisi, ambavyo katika miaka ya karibuni vimejaa katika kila mji. Lakini desturi ya kusafisha haikubadilika upesi kama vigae vilivyobadilika. Wengi waliendelea kunyunyiza na kufagia kama juu ya udongo. Na wengine, kwa kutaka kung'arisha, wakatumia kila dawa kali iliyopatikana sokoni. Hapo ndipo hasara ilipoanza.

JINA MOJA, VITU VINGI

Sehemu ya hasara hiyo imetoka katika jina. Katika Tanzania watu wengi huita vigae vyote marumaru, na katika Bujumbura na Kigali watu huviita makaro. Jina likiwa moja, watu hudhani kitu ni kimoja na dawa ni moja. Sivyo.

Marumaru ya kweli ni jiwe la jamii ya chokaa, na chokaa ni adui wa kila kitu kikali kama ndimu, siki na tindikali. Tindikali ikigusa marumaru huila, na uso wake uliokuwa ukimeremeta huwa na mabaka yaliyofifia ambayo hayatoki ila kwa kusuguliwa upya na fundi. Vigae vya saruji huliwa vivyo hivyo, na nakshi zake hufutika. Vigae vya udongo vyenye utando wa kioo, na vya kaure, vyenyewe hustahimili tindikali nyingi. Lakini maungio baina yake mara nyingi ni ya saruji, nayo huliwa. Maungio yakishaliwa, maji huingia chini, vigae huinuka na kuvunjika, na uchafu hupata mashimo ya kujificha. Mtu aliyetumia tindikali huona siku ya kwanza sakafu imekuwa nyeupe, akafurahi. Mwaka wa tatu huitisha mchango wa kutandaza vigae vipya.

Iko njia nyepesi ya kupambanua. Idondoshwe tone moja la ndimu mahali pa pembeni pasipoonekana, liachwe kwa dakika chache, lifutwe. Likitoa mapovu madogo, au likiacha doa lisilong'aa, sakafu hiyo ni ya jamii ya chokaa au saruji, na isiguswe na kitu kikali. Jaribio hili lifanywe pia juu ya maungio.

Na liko onyo ambalo yafaa liandikwe ukutani katika chumba cha vyombo vya usafi: dawa yenye klorini ya kupaushia nguo isichanganywe na tindikali kamwe. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini, na hewa hiyo ndiyo iliyotumiwa kuwa silaha katika vita huko Ypres, Ubelgiji, mwezi wa Aprili mwaka 1915. Mtumishi akifanya hivyo katika chumba kisicho na madirisha, hutia maisha yake hatarini kwa ajili ya weupe wa sakafu.

NDOO, TAMBARA NA ELIMU YA TOHARA

Njia iliyoenea kuliko zote ni ndoo moja na tambara la kudeki. Zamani mtu alipiga magoti akasugua kwa mikono. Mwaka 1956 mhandisi mmoja wa Hispania, Manuel Jalón, alianza kutengeneza na kuuza huko ufagio wa matambara wenye mpini mrefu pamoja na ndoo ya kukamulia, na wanawake wengi wa nchi ile wakainuka kutoka magotini. Hiyo ilikuwa ni rehema kwa migongo. Lakini ndoo moja ina kasoro, na kasoro hiyo waliijua wanazuoni wa fikihi kabla ya kujulikana vijidudu.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea mwambao na kushikwa na wengi huko bara, maji yasiyotimia kulla mbili, kiasi kinachokadiriwa kuwa lita 200 hivi, hunajisika mara yaingiapo najisi, hata kama rangi yake haikubadilika. Ndoo ya msikitini haifikii hata lita 20. Basi mtoto akikojoa sakafuni, na mtumishi akapitisha tambara juu ya mkojo, kisha akalichovya ndooni, maji yote ya ndoo yamekuwa najisi. Na kila mahali apitishapo tambara lile baada ya hapo, hueneza najisi mahali palipokuwa tohara. Kwa macho sakafu imeng'aa. Kwa hukumu ya fikihi, mahali pamoja pamekuwa mia, na wanaosali juu yake hawana habari.

Njia ya Sunna ni kinyume cha hiyo. Kwanza huondolewa najisi yenyewe kwa kitambaa au karatasi inayotupwa, mpaka pasibaki kitu cha kuonekana. Kisha maji safi humwagwa juu ya mahali pale, yakapita na kuondoka. Ndiyo ile ndoo ya Madina. Kwa uchafu wa kawaida, kama vumbi na alama za nyayo, hukumu ni nyepesi, kwani vumbi si najisi. Lakini kanuni ya usafi ni ile ile, kwamba maji machafu hayasafishi. Kwa hiyo wenye kudeki kwa mkono yafaa wawe na ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na moja ya kusuuzia tambara, na ile ya kusuuzia imwagwe mara kwa mara, isingojewe mpaka iwe kama maji ya mto wakati wa masika.

Kuhusu sabuni, wengi huamini kwamba sabuni nyingi huleta usafi mwingi. Penye maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi, sabuni ya kawaida huungana na chokaa hiyo ikafanya utando mweupe wenye kunata. Utando huo hukamata vumbi, sakafu ikaonekana chafu, mtumishi akaongeza sabuni, utando ukazidi. Na mtu mwenye miguu iliyolowa kwa udhu akikanyaga utando huo, huteleza. Wazee wangapi wamevunjika nyonga baina ya mahali pa kutawadhia na safu ya kwanza! Dawa yake ni sabuni chache isiyo kali, kusuuza kwa maji matupu, na kukausha.

HESABU YA MASHINE

Sasa na itazamwe hesabu. Mtu mmoja katika safu huhitaji upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 120 hivi, yaani mita za mraba 0.72. Msikiti wa watu 1,000 basi una sakafu ya mita za mraba 720, mbali na kumbi na njia. Mtumishi mwenye tambara la upana wa sentimita 40, hata kama harudii mahali hata pamoja, atatembea mita 1,800 ili aimalize. Na akipita mara mbili, kwa sabuni na kwa kusuuza, ni mita 3,600. Hiyo ni kazi ya nusu siku kwa mtu mmoja, naye akichoka katikati, nusu ya pili haitakuwa kama ya kwanza.

Mashine ya kusugulia sakafu ina tangi mbili. Tangi moja hutoa maji safi yenye sabuni. Brashi zinazozunguka husugua. Nyuma yake kuna ubao wenye mpira unaokusanya maji, na pampu huyavuta maji machafu yakaingia katika tangi la pili. Maji safi huja juu ya uchafu na machafu huenda mahali pake peke yake, wala hayakutani. Mashine yenye upana wa sentimita 50, ikienda mwendo wa kilomita 3 kwa saa, huweza kupita mita za mraba 720 kwa nusu saa, bila ya kuhesabu mizunguko, na nyuma yake sakafu hubaki karibu kavu. Kwa sakafu kubwa na iliyo wazi, hakuna njia ya mkono inayoishinda.

Lakini wadhamini wasidhani kwamba kununua ndiyo mwisho. Betri huchakaa na mpira huliwa. Tangi la maji machafu lisipomwagwa na kuoshwa kila siku hunuka. Brashi ngumu hukwaruza marumaru. Tena mashine haifiki pembeni, wala penye nguzo, wala ndani ya mihrabu. Hapo mkono utabaki. Mashine isiyo na fedha ya matengenezo hugeuka kuwa kitu cha kuwekea viatu. Msikiti wa watu 200 hauihitaji. Misikiti miwili au mitatu iliyo karibu yaweza kushirikiana moja. Na iwapo mashine haipatikani, watu wanne wenye zamu, wakigawanya sakafu kwa kamba kama watumishi wa Haram, wataifanya kazi ile ile kwa uzuri.

Ama ile njia ya kumwaga maji kwa mpira toka mihrabu hata mlangoni, inafaa uani na mahali pa kutawadhia, penye mteremko na mfereji. Ndani ya msikiti hupoteza maji, huingia katika maungio, na huacha unyevu chini ya mazulia hata yakanuka.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, mazulia yaliondolewa katika Haram ya Makka na katika misikiti mingi duniani, na watu wakakumbuka tena sakafu iliyo chini yake. Mahali pengi walinyunyiza dawa hewani na juu ya vumbi. Mwezi wa Mei mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba uchafu huidhoofisha dawa, na kwamba mahali husafishwa kwanza, ndipo dawa ipakwe kwa kitambaa. Utaratibu huo wa kutoa uchafu kwanza ndio ule uliokwisha fundishwa katika milango ya tohara.

UTARATIBU ULIO BORA

Kwa muhtasari, njia iliyo bora si chombo kimoja bali ni mpango. Kwanza, uchafu uzuiwe mlangoni kwa maji na jamvi. Pili, sakafu ifagiwe kavu kila siku, ili mchanga uondoke kabla ya maji kuja. Tatu, ijulikane sakafu ni ya kitu gani kabla ya kununua dawa. Nne, najisi iondolewe peke yake kwa njia yake. Tano, sakafu igawanywe vipande, kila kimoja kioshwe kwa maji safi, kisuuzwe na kikaushwe kabla ya kuhamia kingine. Sita, mashine inunuliwe pale tu ambapo ukubwa wa sakafu unaihitaji na fedha ya kuitunza imetengwa.

Limebaki la saba, nalo ndilo linalosahauliwa zaidi. Katika vitabu vya kumbukumbu vya misikiti huandikwa majina ya waliotoa kiwanja, ya waliojenga mnara, na ya waliofungua mlango siku ya sherehe. Jina la mwenye fagio haliandikwi. Yeye huja kabla ya alfajiri na huondoka baada ya isha. Mara nyingi hulipwa kidogo kuliko wote, hana glavu za mikono wala viatu visivyoteleza, na lawama za sakafu ni zake. Wadhamini watakaonunua mashine ya thamani wakamwacha mtu huyo bila ya ujira wa haki na bila ya mafunzo, wamekosea hesabu. Bwana Mtume (S.A.W.) hakuulizia habari za fagio, aliuliza habari za mwanamke aliyelishika, akaenda mpaka kaburini kwake.

Mwenyezi Mungu Awalipe kheri wote walioitumikia misikiti kwa mikono yao, waliojulikana na wasiojulikana, na Awarehemu waliotangulia. Amin.